Balozi na Wasifu Wake: Jinsi Maisha ya Salim Ahmed Salim Yanavyosimuliwa kwa Kiswahili

Ni machache maisha ya watu mashuhuri wa Afrika ya Mashariki yaliyosimuliwa mara nyingi kwa Kiswahili kama ya Salim Ahmed Salim, na ni machache zaidi yaliyosimuliwa kwa namna moja isiyobadilika kama hayo. Msomaji wa magazeti na msikilizaji wa redio huyajua kwa moyo. Salim alizaliwa Pemba tarehe 23 Januari 1942. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Mwaka 1965 akaenda India. Mwaka 1969 akaenda China. Na tangu 1970 hata 1980 alikuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu. Baada ya hapo akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, kisha Waziri Mkuu tangu 1984 hata 1985, kisha Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi, na mwisho Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1989 hata 2001. Hapo masimulizi humsifu, yakanyamaza.

Katika masimulizi hayo hamna uongo. Kila cheo kilichotajwa kilikuwapo, na kila mwaka ni sahihi. Lakini orodha ya vyeo si wasifu, kama vile orodha ya bandari si habari ya safari. Linalotakiwa kupimwa ni kama Kiswahili kimeyaeleza maisha ya mwanadiplomasia huyu au kimeyahesabu tu. Na ikiwa kimeyahesabu tu, je, upungufu huo umetoka katika lugha yenyewe, au katika mazoea ya wanaoitumia? Yafaa jambo hili litazamwe kwa njia tatu: kwanza maneno, pili umbo la masimulizi, na tatu matukio ambayo umbo hilo huyapitia juu juu.

I

Maneno ya kazi hii katika Kiswahili si maskini. Lugha inamjua mjumbe, apelekaye maneno ya mwingine naye hauawi kwa ajili yake. Inamjua mshenga, aendaye kati ya nyumba mbili zisizokuwa bado za ukoo mmoja, na ambaye hodari wake hupimwa kwa yale asiyoyasema. Inamjua wakili, asimamaye mahali pa mwenye haki. Juu ya hao wote limewekwa neno balozi, ambalo lenyewe limesafiri kuliko mabalozi wengi. Asili yake ni Venice, ambako mwakilishi wa dola ile mjini Istanbul aliitwa bailo. Waturuki wakalifanya balyoz, na kwa njia ya Ghuba likafika pwani. Unguja katika karne ya kumi na tisa balozi alikuwa ndiye konsoli wa Kizungu, yaani mgeni mwenye bendera yake na nyumba yake, ambaye hata Sultani humwendea kwa hadhari.

Lakini tangu miaka ya 1960 neno hilo likapata maana ya pili katika Tanzania. Chama cha TANU kilipogawa wanachama wake katika mashina ya nyumba kumi kumi, kiongozi wa shina naye akaitwa balozi. Huyu si mgeni hata kidogo. Huyajua majina ya watoto wote wa shina lake, huamua ugomvi wa mume na mke, na hupiga hodi usiku asikiapo kelele. Basi neno moja likabeba watu wawili wanaopingana: mmoja ambaye sheria yamkataza kuingia katika mambo ya ndani ya wenyeji wake, na mwingine ambaye kazi yake yote ni kuingia. Mtu aweza kulichukua hili kuwa sadfa ya lugha na kuliacha. Hata hivyo, kama itakavyoonekana mbele, kazi kubwa ya Salim katika miaka yake ya mwisho ilikuwa ni safari kutoka maana ya kwanza kwenda maana ya pili, na Kiswahili pekee ndicho chenye neno la kulieleza jambo hilo bila ya kulitafuta.

II

Upungufu, basi, hautoki katika msamiati. Unatoka katika umbo. Neno wasifu ni la shina moja na neno sifa, na udugu huo umewalemea waandishi wengi. Aandikwaye wasifu hudhaniwa kuwa anasifiwa, na asifiwaye hupandishwa ngazi kwa ngazi bila ya kuteleza. Shaaban Robert alipoandika habari za Siti binti Saad alisifu, naam, lakini aliutaja pia umaskini wa mwimbaji yule na masimango aliyoyapata, kwa kuwa alijua kwamba ushindi usio na kizuizi hauna uzito. Waliokuja baada yake wamezishika sifa, wakaviacha vizuizi.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Kazi ya mwanadiplomasia ni maneno. Hajengi daraja wala halimi shamba. Husema, husikiliza, hujibu, hunyamaza kwa makusudi. Wasifu wake usiokuwa na maneno ni sawa na wasifu wa nahodha usiokuwa na bahari. Na Kiswahili kina mfano mzuri wa kale wa jambo hili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliposimulia maisha yake, hakuhesabu vyeo. Alisimulia mazungumzo: nilimwambia hivi, naye akaniambia vile, nikakataa, akarudi na shauri jingine. Msomaji hukaa kando ya baraza na kuona jinsi mfanyabiashara yule, bunduki zikiwa nyuma yake, alivyopatana na machifu, na masultani, na Wazungu, mpaka mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Dola Huru ya Kongo. Mtu aweza kuyachukia matendo yake, na zipo sababu nyingi za kuyachukia. Lakini hawezi kusema hakuona yalivyotendeka.

Na si huyo peke yake. Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, aliweza kuieleza kwa Kiswahili nchi ya theluji ambayo lugha haikuwa na maneno yake. Kwa hiyo haisemeki kwamba Kiswahili hakiwezi kuvisimulia vikao vya New York au vya Addis Ababa. Iliyokosekana ni nia ya kusimulia. Kumbukumbu rasmi za Umoja wa Mataifa hazimo katika Kiswahili, wala Katiba ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya 1963 haikukitaja kwa jina. Ilisema tu kwamba lugha za kazi zitakuwa, ikiwezekana, lugha za Kiafrika, pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Maneno ya Salim yalihifadhiwa katika lugha za wengine, na Kiswahili kikaachiwa majina ya vyeo.

III

Tukio la kwanza linaloumizwa na umbo hili ni lile la mwanzo kabisa. Balozi wa miaka 22 husimuliwa kama muujiza, na muujiza hauna sababu. Lakini sababu zilikuwapo. Kijana huyo alikuwa ameshiriki katika siasa za wanafunzi na za magazeti ya Unguja kabla ya uhuru, na alikuwa miongoni mwa vijana wa chama cha Umma kilichoanzishwa na Abdulrahman Mohamed Babu mwaka 1963. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka ule ule vilizaa dola iliyohitaji watu wa kuisemea mara moja, na wenye elimu na ujuzi wa mambo ya nje walikuwa wachache. Umri wake, basi, watueleza habari za nchi kabla ya kutueleza habari za mtu. Msimulizi aliyeiondoa sababu hiyo ameondoa pia deni: kwa maana siasa za Unguja zilizompandisha mwaka 1964 ndizo zilizorudi baadaye kumdai.

Tukio la pili ni kura ya tarehe 25 Oktoba 1971, ambapo Baraza Kuu, kwa kura 76 dhidi ya 35, na nchi 17 zikijizuia, liliirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupeleka mswada ule. Yasimuliwa kwamba wajumbe wa Tanzania waliinuka wakacheza ukumbini, mbele ya George Bush, aliyekuwa balozi wa Marekani. Na kwamba mwaka 1981, Bush akiwa Makamu wa Rais, Marekani ililipa kisasi. Ni hadithi tamu, nayo ina umbo la ngano: mwenye nguvu alichekwa, akaweka kinyongo, akangoja. Udhaifu wake ni kwamba yafanya siasa ya miaka kumi kuwa hasira ya jioni moja. Tangu 1972 Salim alikuwa ameiongoza Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, iliyowasikiliza wapigania uhuru wa Angola, Msumbiji, Rhodesia na Namibia wakati ambapo Marekani na rafiki zake walitaka wasisikilizwe sana. Na mwaka 1975 aliongoza kamati ya Baraza la Usalama iliyosimamia vikwazo dhidi ya Rhodesia. Hata kama hakuna aliyeinua mguu mwaka 1971, serikali iliyoingia Washington mwezi Januari 1981 ingekuwa na sababu za kutosha za kutomtaka. Hadithi ya ngoma humfanya Salim kuwa mtu wa bahati mbaya, hali kazi yake yamwonyesha kuwa mtu aliyechagua upande akijua gharama yake.

Tukio la tatu ni huo uchaguzi wa 1981 wenyewe. Wakuu wa nchi za Afrika, katika mkutano wao wa Nairobi mwezi Juni, walimtaka Salim awe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kurt Waldheim wa Austria alitaka muda wa tatu. Katika Baraza la Usalama China ilimzuia Waldheim, na Marekani ikamzuia Salim, raundi kwa raundi, mara 16. Mwezi Desemba, Olara Otunnu wa Uganda, aliyekuwa akiongoza Baraza kwa zamu yake, aliwaomba wote wawili wakae kando, nao wakakubali. Tarehe 11 Desemba akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Hapa Kiswahili kina neno linalostahili kuhakikiwa. Uwezo ule wa mataifa matano huitwa kura ya turufu. Turufu ni neno la karata, lililotoka kwa Wareno, na kila mcheza karata aijua kazi yake: karata ya turufu hula karata nyingine, na aliyeitupa hukusanya. Lakini kura ile haikusanyi. Hufunga mlango, na aliyeufunga hubaki nje pamoja na waliofungiwa. China haikumpata Salim kwa kumzuia Waldheim, wala Marekani haikumpata Waldheim kwa kumzuia Salim. Wote wawili walitupa turufu mara 16, na mchezo ukaliwa na mtu ambaye hapo kwanza hakuwa mezani. Neno turufu limeenea, wala hapana haja ya kulifukuza. Lakini limewafanya wasimulizi waione habari ya 1981 kuwa ya mshindi na mshindwa, wakaliacha lililo kubwa kuliko hayo. Mjumbe wa nchi maskini alisimama mbele ya taifa lenye nguvu kuliko yote kwa raundi 16 bila ya nchi za Afrika kutawanyika nyuma yake. Na alipoona kwamba kuendelea kungeifunga taasisi yenyewe, aliondoka bila ya kuivunja. Huo ndio ushenga katika maana yake bora: kujua saa ya kuinuka kwenye mkeka.

Yaliyotukia nyumbani husimuliwa kwa haraka zaidi. Edward Sokoine alipofariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, Salim alikabidhiwa uwaziri mkuu. Mwaka 1985, Mwalimu Nyerere alipong'atuka, jina la Salim lilikuwa miongoni mwa yaliyofikiriwa, lakini aliyeteuliwa ni Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 2005 aliomba tena uteuzi wa Chama cha Mapinduzi, akawa wa pili nyuma ya Jakaya Kikwete, baada ya maneno mengi kuenezwa juu ya asili yake na juu ya siasa za Unguja za kabla ya 1964. Hilo ndilo deni lililotajwa hapo juu. Mtu aliyekubaliwa na bara zima kuwa msemaji wake aliambiwa nyumbani kwamba hajulikani vizuri ni mtu wa wapi. Wasifu unaoliruka jambo hili kwa heshima haumheshimu. Wamnyima ushahidi wa uvumilivu wake, na wainyima nchi kioo.

IV

Miaka kumi na miwili ya Addis Ababa ndiyo inayoonyesha dhahiri kasoro ya masimulizi, kwa kuwa ndiyo iliyo mirefu kuliko vyeo vyote, nayo hupewa sentensi fupi kuliko zote. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa mwaka 1963 juu ya nguzo ya kutoingiliana katika mambo ya ndani. Nguzo hiyo ilikuwa na maana kwa nchi zilizotoka kutawaliwa jana. Lakini kufikia mwaka 1989 ilikuwa imekuwa pazia: nyuma yake serikali iliweza kuwatenda watu wake ipendavyo, na majirani wakasema hayawahusu. Salim alitoa hoja, katika taarifa yake ya 1992 kwa viongozi, kwamba kila Mwafrika ni mlinzi wa nduguye, na kwamba mila za Kiafrika zenyewe hazimruhusu jirani kukaa kimya nyumba ya pili inapoungua. Mwaka 1993, mjini Cairo, viongozi wakakubali kuunda chombo cha kuzuia, kusimamia na kutatua migogoro.

Hapa ndipo balozi wa bendera alipoanza kuomba ruhusa ya kuwa balozi wa nyumba kumi: kupiga hodi, kuingia, kuuliza kuna nini. Na kabla ruhusa hiyo haijapata miguu, ukaja mwezi Aprili 1994. Mkataba wa Arusha juu ya Rwanda ulikuwa umetiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993, katika mji wa nchi yake Salim mwenyewe, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikuwa mmoja wa walioulea. Mauaji yalipoanza, Baraza la Usalama lililipunguza jeshi la Umoja wa Mataifa nchini Rwanda badala ya kuliongeza. Mamia ya maelfu ya watu waliuawa katika muda wa siku mia hivi. Na mwezi Juni, huko Tunis, wajumbe wa serikali iliyokuwa ikiyaendesha mauaji walikaa katika mkutano wa wakuu wa Afrika pamoja na wengine.

Kiswahili kimelipa jambo lile jina kali na sahihi: mauaji ya kimbari, kutokana na mbari, yaani ukoo. Kosa mojawapo lililoandikwa dhidi ya Umoja huo ni kwamba katika majuma yale ya kwanza haukulitamka jina lake. Waliosema hivyo hawakuwa maadui. Walikuwa jopo la watu mashuhuri chini ya Ketumile Masire wa Botswana, lililoundwa na Umoja wenyewe mwaka 1998, Salim akiwa Katibu Mkuu; na taarifa yao ya mwaka 2000 haikuwahurumia Wafaransa, wala Wamarekani, wala Umoja wa Mataifa, wala wakuu wa Afrika. Ni kweli kwamba Katibu Mkuu ni mtumishi wa wakuu wa nchi, hana jeshi wala hazina. Ni kweli pia kwamba ofisi yake ilikuwa na sauti, na sauti ndiyo mali ya pekee ya mwanadiplomasia. Wasifu wa haki lazima uyaseme yote mawili pamoja: kwamba taasisi aliyoiongoza ilinyamaza palipotakiwa neno, na kwamba taasisi hiyo hiyo, yeye akiiongoza, ilikubali kuhukumiwa mbele ya watu. Atakayelisema la kwanza tu amwonea. Atakayelisema la pili tu adanganya.

Tarehe 11 Julai 2000, mjini Lomé, wakuu wa nchi walipitisha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika. Kifungu chake cha nne kinaupa Umoja haki ya kuingilia katika nchi mwanachama pakitokea makosa ya vita, mauaji ya kimbari na makosa dhidi ya ubinadamu. Kati ya kutoingiliana kwa 1963 na haki hii ya 2000 pana umbali mkubwa, na sehemu kubwa ya umbali huo ilitembewa katika miaka ya Salim. Haki si uwezo: yeye mwenyewe aliliona hilo baadaye, alipokuwa mjumbe wa Umoja wa Afrika katika usuluhishi wa Darfur, ambako mapatano ya Abuja ya tarehe 5 Mei 2006 yalitiwa sahihi na baadhi tu ya waasi. Lakini mlango ambao kisheria haukuwapo ulikuwa umetobolewa ukutani.

V

Katika hayo yote yaonekana kwamba Kiswahili hakikukosa maneno. Balozi, mshenga, turufu, kimbari: kila moja limebeba fikira ambayo msomaji wa Kiingereza hana budi kuelezwa kwa sentensi nzima. Kilichokosekana ni mwandishi wa kuyatumia maneno hayo kwa kufikiri badala ya kuyatumia kwa kuhesabu.

Udhuru wa zamani ulikuwa kwamba nyaraka ziko mbali. Udhuru huo umepungua nguvu tangu mwaka 2023, ilipozinduliwa Dar es Salaam hazina ya kidijiti ya nyaraka na picha za Salim. Nao udhuru wa kwamba lugha haina cheo umekwisha. Mwaka 2004 Joaquim Chissano alihutubia wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili na wakalazimika kumtafutia wakalimani; na mwaka 2022 Umoja huo ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi. Lugha iliyoingia katika kumbi za Addis Ababa yapaswa iweze kusimulia yaliyotendeka humo kabla haijaingia.

Kazi iliyo mbele ni ya namna mbili. Ya kwanza ni tafsiri ya hotuba na taarifa zake kuu kwa Kiswahili cha kusomeka, ili wasifu upate maneno ya mtu mwenyewe. Ya pili, nayo ndiyo isiyoweza kungoja, ni kuwauliza kwa Kiswahili wale waliokaa naye vikaoni, makarani na madereva wakiwa pamoja na mawaziri, nani alimwambia nani nini, na nani akajibu nini, kama alivyoulizwa Tippu Tip akasema. Nyaraka zitangoja kabatini. Watu hao ni wazee, na kila mwaka idadi yao yapungua.